Kiti cha Mpiga Rizimu

Makondakta wa daladala ziendazo Sinza humtaja marehemu mmoja tangu alfajiri hadi usiku. "Kwa Remmy! Kuna wa kushuka kwa Remmy?" Abiria anaitikia, anashuka, anavuka barabara na kwenda zake. Wengi wa abiria hao walikuwa watoto wadogo, au hawajazaliwa, wakati Remmy Ongala alipoliacha dansi na kugeukia nyimbo za Injili. Alitoka Kongo mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baadaye akaibeba Super Matimila mpaka ikafika majukwaa ya Ulaya. Akafariki Desemba 2010. Kituo kimebaki na jina lake. Bango la mtaa lingeweza kung'olewa usiku likauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lakini mdomo wa konda haung'oleki.

Sasa waulize abiria hao, hata wale wazee wanaozijua nyimbo za Remmy kwa moyo, wakutajie mtu aliyesimama nyuma yake upande wa ngoma, akipiga gitaa ambalo halikuwahi kupewa nafasi ya kusikika peke yake. Watakuna kichwa.

Nauliza kwa sababu baba yangu mdogo alikuwa mtu wa aina hiyo. Hakupiga kwa Remmy. Bendi yake ilikuwa ya shirika moja la umma, na jina la shirika naliacha kando, maana mbele ya safari nitalisema vibaya kidogo.

Katika dansi letu magitaa yalikuwa na vyeo. Kuna solo, kuna solo la pili, kuna rizimu, kuna besi. Mpiga solo ana jina la utani na ana mashabiki wanaopanda jukwaani kumbandika noti kwenye paji la uso. Mpiga besi ana heshima ya kimyakimya, kwa kuwa akikosea ukumbi mzima unajikwaa. Rizimu ni mkeka: wageni wameukalia, wanakula, wanacheka, na hakuna anayeutazama mpaka siku utakapokosekana. Baba mdogo aliutandika mkeka huo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nyumbani alikuwa na usemi mmoja tuliouchoka. Redio ikipiga wimbo wowote, awe ameupiga yeye au adui zake, angeinua kidole na kusema: "Usilifuate solo, mwanangu. Shuka chini yake."

Ugonjwa wake wa muziki ulianzia Morogoro, na nadhani Morogoro ya wakati ule ingemharibu mtoto yeyote mwenye masikio. Ulikuwa mji mdogo chini ya milima ya Uluguru, wenye treni, mashamba ya mkonge pembeni, na bendi mbili zisizopatana: Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Cuban Marimba ilikuwa ya Salum Abdallah, na kisa cha mtu huyo Baba mdogo alikisimulia kama wengine wanavyosimulia visa vya mitume. Kwamba alipokuwa kijana, Salum alizisikia zile santuri za GV, zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930 na rumba za Kikuba ndani yake, akachanganyikiwa. Kwamba alitoroka nyumbani kwenda Kuba. Kuba yenyewe! Akafika Mombasa, akakuta vita kuu ya pili vimeshafunga njia za bahari, akarudi alikotoka. Na kwa kuwa alishindwa kuifuata Kuba, akaijenga palepale chini ya Uluguru: kwanza kwa bendi aliyoiita La Paloma, mwaka 1948, halafu kwa Cuban Marimba iliyomfanya ajulikane hadi nje ya nchi.

Sijui kisa hicho kimeongezwa chumvi kiasi gani katika kupokezana. Ninachojua ni kile kilichomfanya Baba mdogo akipende. Hakujali sana kwamba Salum alipata umaarufu. Alichopenda ni kwamba mtu anaweza kusikia kitu kwenye santuri, kitu kilichotoka ng'ambo ya bahari ambayo hajaiona, akaamka na kuanza kutembea.

Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Baba mdogo alikuwa mwanafunzi. Wakati huohuo, upande wa pili wa mji, kijana mmoja aliyezaliwa 1944 alikuwa ameachana na shule akaingia Morogoro Jazz na gitaa lake, na kabla muongo haujaisha jina lake lilikuwa limeimeza bendi. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na wenzake wakapelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mtoto aliyekuwa akisimama nje ya ukumbi wa dansi na sikio ukutani kwa sababu hana kiingilio, akasikia kwamba ukuta huohuo umetoa watu hadi Japani. Baada ya hapo nani angemwambia habari za ukarani?

Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka Morogoro Jazz, akaunda Super Volcano. Mwezi Januari 1979, akiwa pwani ya Kenya, naye akafa kwa ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34.

Bibi yangu hakuwa mtu wa muziki, ila alikuwa mtu wa hesabu. Alihesabu Salum, akahesabu Mbaraka, akamwandikia mwanawe barua kwenda Dar es Salaam kumwuliza kama kazi hiyo ina watu wanaofia kitandani. Kwa kweli wanamuziki wale waliishi barabarani. Bendi ilipanda lori pamoja na spika na tumba, ikapiga Dodoma leo, Singida kesho, Tabora keshokutwa, barabara za vumbi wakati wa kiangazi na za matope masika. Wapenzi waliwaona saa tatu usiku wamevaa sare zinazofanana, nguo zimepigwa pasi. Hawakuwaona saa tisa mchana wakisukuma lori. Baba mdogo aliijibu barua ile kwa kumtumia mama yake kitenge. Barua yenyewe hakuijibu.

Alifika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, na namna alivyotafuta kazi inanichekesha mpaka leo. Vijana wenzake waliuliza mshahara ni kiasi gani, kama kuna nyumba, kama kuna likizo. Yeye aliuliza swali moja: mna bendi?

Halikuwa swali la kijinga, maana wakati ule jibu mara nyingi lilikuwa ndiyo. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, bendi ambayo ilibadilishwa jina kila chama kilipobadilishwa, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Polisi walikuwa na yao, Magereza yao, JKT yao, shirika la bima likawa na Bima Lee. Shirika la maendeleo la jiji, DDC, likaichukua Mlimani Park, iliyojulikana pia kama Sikinde. Iringa kulikuwa na kampuni ya kukata almasi, Tancut, na kampuni hiyo ilikuwa na orkesta iliyokuwa na mapacha wawili waimbaji kutoka Kongo, Kasaloo na Kyanga. Mtoto wa leo ukimwambia kwamba watu walikata almasi mchana na kampuni ileile ikawapigia dansi usiku, atadhani unamsimulia Abunuwasi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Vyombo ni vya shirika: magitaa, ampilifaya, tarumbeta, saksafoni, ngoma. Mwanamuziki ni mwajiriwa, ana mshahara wa mwisho wa mwezi na karatasi yake ya matibabu. Katika sehemu nyingine kazi yake ilikuwa muziki tu. Katika nyingine alikuwa na kazi ya mchana, na muziki ukaanza baada ya saa za ofisi. Bendi ilipiga kwenye kumbi mwisho wa wiki, Jumapili mchana ikapiga bugi la vijana, Mei Mosi ikapanda lori kwenye maandamano. Fedha za kigeni zilikuwa adimu na gitaa la umeme halikuuzwa dukani Kariakoo kama sufuria, kwa hiyo mwanamuziki aliyehama bendi alihama na vidole vyake tu. Baba mdogo alipewa kazi ya karani wa stoo. Asubuhi alihesabu misumari, gundi na mapipa ya mafuta. Jioni mazoezi. Usiku ukumbini. Alilala saa ngapi ni jambo ambalo mama mdogo alikuwa na maoni yake, na nitayafikia.

Akifa mwanamuziki katika nchi hii, kiongozi fulani husimama msibani na kutangaza kwamba marehemu ameacha pengo lisilozibika. Nimeisikia hotuba hiyo katika misiba mingi nikiwa pembeni ya Baba mdogo, na kila ilipofika sentensi hiyo yeye aliinama kutazama viatu vyake. Alijua anachokijua. Mapengo yalizibwa siku zote, tena mara nyingi kabla ya Ijumaa. Mwaka 1978 Muhidin Gurumo na Abel Balthazar waliiacha Juwata wakaenda kuijenga Mlimani Park, watu wakatabiri Juwata itakufa, haikufa. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachukua wanamuziki wa Mlimani, Gurumo akiwa mmojawapo, akawapeleka Kimara kwenye orkesta yake ya Safari Sound. Watu wakatabiri Sikinde imekwisha. Sikinde ikatafuta wengine ikaendelea. Hemed Maneti wa Vijana Jazz alifariki 1990, na Vijana ikapanda jukwaani bila yeye. TX Moshi William alifariki 2006, na Msondo ikaendelea kupiga.

Unaweza kuuita huo ukatili. Mimi nilikuwa nauita hivyo. Mtu ametoa pumzi yake miaka na miaka kwenye tarumbeta, hajakauka kaburini, mwingine ameshajifunza nafasi yake kwa kusikiliza kanda. Lakini Baba mdogo hakuona ukatili wowote hapo, na siku nilipombana akanieleza kwa maneno machache, akiwa amekaa kibarazani na bisibisi mkononi. Alisema yeye mwenyewe aliingia kwenye bendi kwa kuwa mtu aliyemtangulia alikufa kwa homa ya manjano. Alikikuta kiti. Aliyekufa alikuwa hodari kumzidi, na kila mtu kwenye bendi alijua hivyo na alimwambia hivyo. Miezi ya mwanzo alipiga kwa kumwiga marehemu, halafu polepole akaanza kupiga mwenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri kwamba sisi tunaoomboleza wanamuziki tunaomboleza kitu kimoja na kusahau kingine. Mtu anakufa, na kifo chake kinauma, na hakuna dawa ya hapo. Ila kiti kikiwepo, kijana atatafutwa. Mahali fulani, Tanga au Tabora au Morogoro, yupo mmoja sikio ukutani anayejifunza nyimbo zote bila kujua anaandaliwa nafasi gani. Mapenzi yake yana mahali pa kwenda. Kitu kilichotokea katika miaka ya 1990 ni cha namna nyingine, na kwa kuwa hakikuwa na jeneza, hakuna aliyekitolea hotuba.

Mashirika yakaanza kuuzwa, kuunganishwa, kupunguza watu. Katika kila orodha ya gharama za kupunguza, bendi ilikuwa juu kabisa, na ukiitazama kwa macho ya mhasibu huwezi kumlaumu. Redio na televisheni za watu binafsi zikaja kuanzia 1994, disko zikawa zimeshaota kila kona, kijana mwenye kompyuta moja akaweza kutoa ngoma ambayo zamani ilihitaji watu kumi na watano. Siupingi muziki wao. Wanangu wanaucheza sebuleni na mimi natikisa mguu. Naeleza tu kwamba viti viliondolewa.

Kuondolewa kwa kiti cha Baba mdogo nilikushuhudia kwa namna ambayo sijaweza kuisahau, kwa sababu alikiondoa kwa mkono wake. Yeye ndiye alikuwa karani wa stoo. Shirika lilipofunga bendi, vyombo vyote vilirudishwa stoo viandikwe kwenye leja kungojea mnada, na aliyepaswa kuviandika ni yeye. Nilikuwa nimempelekea chakula. Nikamkuta mezani na kalamu ya wino. Aliandika spika, ngapi, hali yake. Akaandika tumba, tatu, ngozi moja imepasuka. Kisha akaliandika gitaa alilolipiga maisha yake yote ya utu uzima, kwa mwandiko uleule wa kuandikia misumari: gitaa la umeme, moja, limechakaa.

Aliomba alinunue. Akaambiwa asubiri mnada kama watu wengine. Mnada ulipokuja, vyombo vyote viliuzwa kwa mkupuo mmoja, na aliyenunua alitaka spika. Gitaa likaenda pamoja nazo. Shirika lile halipo tena, na wakubwa waliotoa jibu lile wengi wao wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo ninaandika bila hasira kubwa. Ninaandika na hasira ndogo.

Hata hivyo sitaki kukipaka kiti kile asali. Kilikuwa kiti cha mtu mwingine. Bendi ilitunga nyimbo za kusifu sera zilizopaswa kusifiwa, na siku mkubwa akiamua mpiga fulani ahamishwe, alihamishwa. Na kuna suala la redio. Kwa kuwa nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, bendi zilikuwa zikienda Nairobi kurekodi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka kufungwa mwaka 1977, mlango mkubwa uliobaki ulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi iliingia studio, ikapiga, mafundi mitambo wakanasa, na wimbo ukawa wa taifa. Ukapigwa asubuhi, ukapigwa jioni, ukapigwa miaka arobaini. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ilikuja 1999, wakati wengi wa waliopiga walikuwa ama wamezeeka ama wamezikwa. Kama kila mara gitaa la Baba mdogo liliposikika hewani lingemletea hata bei ya andazi, angekufa akiwa na ghorofa Manzese. Alikufa akiwa fundi redio. Alizitengeneza redio za watu, na zilipopona akazijaribu, na mara nyingine zilipojaribiwa zikatoa sauti yake mwenyewe. Mteja alilipa, akachukua redio yake, akaondoka na wimbo kwapani.

Agosti 2013 Gurumo alitangaza kustaafu. Alikuwa ameimba miaka 53, kuanzia bendi ndogondogo za mwaka 1960 hadi NUTA, Mlimani, Safari Sound, na kurudi tena Msondo alikoanzia jina. Ikafahamika kwamba miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gari. Diamond Platnumz, ambaye wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akamzawadia moja. Mtaani kwetu watu waligawanyika. Wengine walisema kijana ametenda jambo la heshima, wengine wakasema ni aibu kwa taifa kungoja mtoto amkumbuke mzee. Baba mdogo aliitazama picha gazetini muda mrefu, akauliza jambo moja tu: mzee anajua kuendesha? Gurumo alifariki Aprili mwaka uliofuata.

Nimesema nitamfikia mama mdogo. Tunapozungumzia mapenzi ya muziki jinsi yanavyomwongoza mtu njia ya maisha, tunasahau kwamba njia ile ina watu wengine juu yake ambao hawakuichagua. Yeye alikuwa binti wa Kisarawe aliyeposwa na karani wa stoo. Habari ya gitaa alielezwa kama mtu anavyoelezwa kwamba mchumba ana pumu: ipo, lakini haisumbui sana. Ikamsumbua miaka ishirini na zaidi. Aliwalea watoto wanne na mimi wa tano wakati mumewe yuko Dodoma, yuko Mwanza, yuko ukumbini, yuko mazoezini. Redio ikipiga zile nyimbo za zamani zinazolilia mapenzi, ambazo sisi wengine huzisikiliza tumefumba macho, yeye hupunguza sauti. Nilimwuliza kwa nini. "Usiku walipokuwa wanaziimba hizo," alisema, "mimi nilikuwa nimelala peke yangu na mtoto ana degedege." Halafu akaongeza, bila kugeuka kutoka kwenye ungo wa mchele, kwamba lakini yule mume aliyerudi nyumbani kila siku saa kumi na moja, baada ya bendi kufungwa, hakumjua. Alikuwa mtu mwingine kabisa, anayezunguka ndani ya nyumba akigusa vitu.

Hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Tunadhani msiba wa mwanamuziki ni siku anapozikwa. Mama mdogo alianza kukaa eda yake, kwa namna fulani, mwaka ule wa leja.

Baba mdogo alifariki mwaka juzi, kitandani, jambo ambalo bibi yangu angelifurahia. Hapakuwa na kiongozi wala hotuba ya pengo. Walikuja majirani, watu wa msikitini, wateja wake wa redio, na baada ya maziko ikaja teksi moja iliyowatema wazee watatu: mpiga besi, mpiga tumba, na mwimbaji mmoja ambaye sauti imeshamkimbia, anazungumza kwa kunong'ona. Ndio waliobaki kwenye ile bendi, au ndio waliobaki wenye nauli.

Usiku wa pili wa matanga, shehe akiwa ameshaondoka, nilikaa nao jamvini nikafanya kitu nilichokuwa nakitaka siku nyingi. Upo wimbo mmoja wa bendi yao ambao Radio Tanzania iliurekodi, na tangu utotoni nimekuwa nikiambiwa kwamba rizimu ile ni ya Baba mdogo. Mtangazaji akiupiga hutaja bendi na hutaja wimbo. Anayebahatika kutajwa ni mwimbaji. Hakuna jalada lenye picha wala orodha ya wapigaji. Ushahidi wote ulikuwa vichwani mwa watu, na vichwa vyenyewe vilikuwa vitatu, mbele yangu, vinakunywa kahawa. Wimbo ninao kwenye simu. Nikaupiga kwa sauti ya chini.

"Siyo yeye huyo," mpiga besi akasema kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha. Siku ile ya kurekodi, alisema, Baba mdogo alikuwa Morogoro kwenye msiba wa nduguye, na rizimu ilipigwa na kijana wa kuazima kutoka bendi nyingine. Mwimbaji akanong'ona kwamba msiba wa Morogoro ulikuwa mwaka mwingine. Mpiga besi akauapia. Mwimbaji naye akauapia. Wakaanza kubishana kuhusu sare waliyovaa siku hiyo, kuhusu nani alikuwa na malaria, kuhusu gari lililowapeleka studio kama lilikuwa la shirika au la kukodi, na nilipowatazama nikaona kwamba mmoja wao alikuwa na hakika, na mwingine alikuwa na hakika, na jambo lenyewe lilikuwa linanikimbia palepale nikiwa nimeketi. Rizimu niliyoishukia chini ya solo tangu nikiwa mtoto huenda ilikuwa ya mtu baki.

Mpiga tumba hakusema kitu. Alichukua simu, akaiweka sikioni kama anayepokea salamu, akaniomba niurudishe wimbo hadi kabla ya chemko. Nikaurudisha. "Tena," akasema. Tukausikiliza mara ya tatu, na safari hii akainua kidole. Pale muziki unapobadilika na waimbaji wananyamaza, solo linaingia, besi inaingia, tumba zinaingia, na rizimu haipo. Inakuja nusu hatua baadaye, inakimbilia, inawapata wenzake. Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule maisha yangu yote na sikuwahi kuligundua hilo.

"Yule wa kuazima alikuwa mwepesi," mpiga tumba akasema. "Asingechelewa. Huyu ni wetu. Tulitaka kurudia, fundi mitambo akasema muda wa studio umekwisha."

Mpiga besi alitaka kuendelea kubisha, lakini mwimbaji alikuwa ameanza kucheka kile kicheko chake kisicho na sauti, na mpiga tumba naye akacheka, na kutoka ndani, nyuma ya pazia alikokuwa amekaa na wanawake wenzake, tukamsikia mama mdogo:

"Hata nyumbani alikuwa anachelewa hivyohivyo. Ni yeye."